Korosho ya Newala: Kiwanda Kilisimama, Viganja Vikaendelea

Ukinunua pakiti ya korosho stendi lazima ulalamikie bei. Sawa, ila sikia hii kwanza. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ilikopa Benki ya Dunia, ikajenga viwanda vya kubangua korosho, na Newala ikapata viwili. Mashine kubwa kutoka nje, yaani mkono wa mtu sasa upumzike. Wapi bwana! Viwanda vingi vikasimama, korosho ghafi ikawa inapandishwa meli kwenda India, na iliyobaki ikarudi mikononi mwa akina mama.

Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi, ndiyo maana mbanguaji anajipaka majivu au mafuta ya kula kabla hajaanza. Mwenye mashine ndogo anakanyaga kwa mguu, anavuta mpini kwa mkono, korosho moja moja, kutwa nzima, mgongo umepinda. Kidole kilichoungua kila mtu anakiona. Kifundo cha mkono kinachouma usiku hakionekani, na binti anaambiwa mvivu tu. Kiti chenye egemeo kingesaidia, na kupokezana pia: saa hii unabangua, saa ijayo unachambua. Lakini malipo ni kwa kilo. Nani ataachia mashine yake akanyooshe mgongo?