Waya Uliosemwa Umekatika: Kisa cha Stesheni ya WLBT



Khiyana ya mali ni rahisi kuijua, kwani pesa huhesabiwa na huonekana zimepunguka. Khiyana ya habari ni ngumu zaidi, kwa kuwa aliyenyimwa habari hata hajui kwamba amenyimwa. Kisa tutakachokieleza ni cha namna hii ya pili, na kilitokea katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani.

Katika mwezi wa Disemba 1953 kampuni ya bima ya mji huo, Lamar Life, ilifungua stesheni ya televisheni katika chaneli ya 3, ikaitwa WLBT. Yafaa kwanza tufahamu kazi yake ilivyokwenda. Huko Marekani shirika kubwa kama NBC haliweki mnara wake katika kila mji. Zama hizo vipindi vyake vilitoka New York na kusafirishwa kwa mitambo ya kampuni ya simu mpaka kwenye stesheni za miji, zilizofungamana nalo kwa mapatano, na hizo ndizo zilizovirusha majumbani. Shirika lililipa stesheni kwa saa ilizochukua. Stesheni nayo ilitia habari za mjini na matangazo ya biashara ya wenye maduka wa hapo. Kwa hivyo ufunguo wa mlango ulikuwa mkononi mwa mtu wa Jackson, si wa New York. Akitaka kipindi kipite, hupita, asipotaka, hukizima.

Lakini hewa ile haikuwa mali yake. Leseni ya kuitumia yatolewa na Tume ya Mawasiliano ya serikali, FCC. Wakati huo leseni ilikuwa ya miaka mitatu mitatu, na sharti lake ni kuwatumikia watu wote wa mahali pale. Na katika kila watu mia waliofikiwa na WLBT, kiasi cha 45 walikuwa weusi. Sisi Waislamu jambo kama hili tuna jina lake: ni amana. Na Surat An-Nisaa, aya ya 58, imetuamrisha amana zirudi kwa wenyewe.

Meneja wa stesheni, Fred Beard, alikuwa mwanachama wa Baraza la Raia, chama cha weupe kilichoundwa kulinda ubaguzi. Mwaka 1955 NBC ilimleta katika kipindi wakili mweusi Thurgood Marshall, aliyeshinda mwaka mmoja nyuma kesi kubwa ya kuondoa ubaguzi mashuleni. Watu wa Jackson hawakumwona. Kwenye kioo palitokea kibao kuomba radhi kwamba waya una hitilafu. Waya ulikuwa mzima! Tazama jinsi uongo ulivyovaa nguo ya adabu.

Hayo hayakuwa ya siku moja. Mwaka 1962, James Meredith alipotaka kuingia Chuo Kikuu cha Mississippi akiwa mweusi, stesheni ilitumia hewa ya umma kuutetea ubaguzi. Mwaka huohuo mchungaji mweusi, Robert L. T. Smith, aligombea kiti cha Bunge la Marekani, akataka kununua nafasi ya kusema, akakataliwa. Hakuipata mpaka waliposhurutishwa kutoka nje.

Medgar Evers, mjumbe wa chama cha NAACP katika jimbo lile, naye alishitaki kwa miaka. (Huyu ndiye aliyempa mwanawe jina la Kenyatta, kwa kumpenda mzee wetu wa huku.) Hatimaye, tarehe 20 Mei 1963, baada ya meya wa mji kusema yake, Evers alipewa dakika 17 kujibu. Alisema kwa utulivu, bila matusi. Usiku wa kuamkia 12 Juni alipigwa risasi ya mgongo mbele ya nyumba yake, mkewe na watoto wakiwa ndani. Aliyemuua hakutiwa hatiani mpaka 1994.

Mwaka 1964 Everett Parker, mchungaji wa Kanisa la United Church of Christ, alipanga jambo jepesi kulisema na zito kulifanya. Wiki nzima, tangu tarehe 1 Machi, watu waliojitolea walikaa mbele ya televisheni wakiandika kila kilichopita. Majina yao yalifichwa, kwani mji ule haukuwa wa mchezo. Miongoni mwa mashitaka yaliyofuata ni kuwa watu weusi hawakuitwa kwa majina ya heshima kama bwana na bibi, na makanisa yao hayakuonyeshwa. Wenzetu mnajua uzito wa kumwita mtu mzima kwa jina tupu! Na wema tuusifu, hata ukifanywa na wasio wa dini yetu.

Parker, Smith na Aaron Henry, muuza dawa na kiongozi wa NAACP, waliiomba Tume isiipe stesheni leseni tena. Tume ikajibu kwamba mtazamaji hana haki ya kusimama mbele yake. Mwenye haki ni aliyepata hasara ya biashara. Yaani anayeuza sabuni ana neno, anayedanganywa hana! Mwaka 1966 Mahakama ya Rufaa ya Washington, kwa kalamu ya jaji Warren Burger, iliipinga hoja hiyo na kuwapa watazamaji haki ya kusikizwa. Tume ikasikiliza, kisha mwaka 1968 ikaipa WLBT leseni kamili kana kwamba hapana lililotokea. Mwezi wa Juni 1969, siku chache kabla ya Burger kuwa Jaji Mkuu wa Marekani, mahakama yaleyale maamuzi ya Tume iliyafuta, na leseni ikawekwa wazi kwa waombaji wengine.

Mwaka 1971 stesheni ilikabidhiwa kwa muda jumuiya isiyotaka faida. Mwaka uliofuata William Dilday akawa meneja mkuu, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho katika stesheni ya biashara huko kusini. Mabishano ya nani apewe kabisa yaliendelea miaka mingine mingi, na mawakili walikula. Mwisho leseni ilikwenda kwa kampuni ya TV-3, nayo ikaishika stesheni mwaka 1980. Mwenyekiti wake alikuwa Aaron Henry, yule muuza dawa.