Maradhi ya Kuibuka

Mgeni anayekuja Tanzania kupiga mbizi mara nyingi huuziwa safari moja yenye mambo mawili, bahari na bara. Anateremka Unguja, anazama Mnemba siku tatu nne, kisha asubuhi ya siku ya mwisho anapakiwa kwenye ndege ndogo kuelekea Arusha, tayari kwa Ngorongoro au Kilimanjaro. Kwa anayeogelea tu ufukweni ratiba hiyo haina neno. Kwa aliyeshuka na mtungi mgongoni, inaweza kumtia kilema. Kinachomtia kilema kina jina linalojulikana kwa madaktari dunia nzima, ila katika Kiswahili tunalo jina hili na lile, na hayasemi jambo moja.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78 hivi, na tukiwa nchi kavu gesi hiyo inaingia na kutoka bila kutushughulisha. Baharini mambo hubadilika. Kila mita 10 za maji huongeza uzito sawa na wa angahewa nzima iliyo juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo mtu aliye mita 30 chini anavuta hewa yenye kanieneo mara nne ya ile ya ufukweni. Naitrojeni inasukumwa ndani ya damu, mafuta na maungo, na kadiri anavyokaa chini ndivyo inavyozidi kujaa. Hahisi kitu. Taabu inaanza anaporudi juu. Mzigo ukipungua taratibu, gesi inatoka kwa njia ya mapafu kama ilivyoingia. Ukipungua ghafla, inatoka papo hapo ilipo, kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa baada ya kutikiswa. Povu likikaa kwenye bega au kiwiko, ni maumivu yasiyotulia hata ujigeuze vipi. Likikaa kwenye uti wa mgongo, miguu inakufa ganzi, na wako ambao haikurudi tena.

Sasa majina. Wapo wanaoandika “ugonjwa wa mgandamizo”. Ni jina fupi na linatamkika, lakini linamshitaki asiyehusika. Mgandamizo haujamdhuru mtu huyu. Kilichomdhuru ni kuondolewa mgandamizo upesi mno. Tena tiba yake ni kumrudisha humohumo: analazwa ndani ya chumba cha chuma, hewa inajazwa kwa nguvu mpaka mapovu yanywee, anapewa oksijeni, kisha hewa inapunguzwa kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Jina hilo, basi, limeichukua dawa likaiita ugonjwa.

“Ugonjwa wa kupungua kwa kanieneo” ni sahihi, na mwanafunzi wa fizikia hatakuwa na ugomvi nalo. Lakini kanieneo ni neno la darasani. Sijawahi kumsikia nahodha akilitamka, na ndani ya boti, injini ikinguruma na mgeni akilalamika mkono, maneno matano hayapiti.

Kuna “ugonjwa wa wapiga mbizi”. Hili historia inalikataa. Waliougua kwa wingi hadi dunia ikashtuka walikuwa wajenzi wa madaraja. Daraja la Brooklyn, New York, lilijengewa misingi ndani ya masanduku makubwa yaliyozamishwa mtoni na kujazwa hewa iliyoshindiliwa, na vibarua waliotoka humo walijikunja kwa maumivu hata Kiingereza cha mtaani kikauita ugonjwa huo kwa neno la kupinda. Mhandisi mkuu mwenyewe, Washington Roebling, ulimwangusha mwaka 1872. (Wanaopendelea “wazamiaji” wakumbuke pia kwamba mzamiaji, kwa kijana wa Dar es Salaam, ni yule aliyejificha melini kwenda ughaibuni bila tiketi.)

Mimi napendekeza “maradhi ya kuibuka”. Pwani mtu huzama, kisha huibuka. Ndivyo wasemavyo watu wa bahari bila kufundishwa na yeyote. Neno hilo linataja tendo lenye hatari. Najua pingamizi litakalokuja: wizara za afya tayari zina “magonjwa ibuka”, yaani yale mapya yanayozuka. Ni hoja nzito, na ingekuwa nzito zaidi kama maneno hayo mawili yangekutana mahali pamoja. Hayakutani. Daktari anayehofia kuchanganya aandike jina la kanieneo kwenye cheti. Kwenye boti tuseme kuibuka.

Faida ya jina hili huonekana zaidi safarini, kwa kuwa kanuni karibu zote za kujikinga zinahusu kupanda. Mwaka 1908 Mskoti J. S. Haldane, baada ya majaribio mengi juu ya mbuzi, alitoa majedwali ya kupandisha wazamaji kwa vituo. Leo vyama vingi vya mafunzo hufundisha kupanda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, na kusimama kwenye mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoa kichwa. Kwenye mikondo kama ya Kinasi, kule Mafia, au mapengo ya miamba ya Pemba, kusimama huko si mchezo siku za bamvua, maji yanapokimbia. Ukiweza kuchagua, chagua maji mafu.

Ila kuibuka hakuishii juu ya maji, na hapa ndipo wengi hukosea. Ndani ya ndege kubwa hewa hupunguzwa hadi kufanana na ya mlima wenye mita 2,400 hivi. Ndege ndogo za visiwani hazina hata kinga hiyo. Kwa hiyo mwongozo unaofuatwa sana ni huu: ukizama mara moja tu bila kulazimika kusimama njiani, subiri angalau saa 12 kabla ya kuruka, ukizama mara nyingi au siku kadhaa, saa 18, ukizama mbizi za kulazimika kusimama, zaidi ya hapo, na wengi hushauri saa 24. Kompyuta ya mkononi huonyesha muda huo kwa kialama cha ndege, na kialama hicho kinapotosha kidogo. Mwili haujui umebebwa na nini. Aliyezama asubuhi Kisite au Diani akadandia treni ya jioni ya Mombasa, atashuka Nairobi zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Aliyetoka Tanga kwa gari kwenda Lushoto naye amepanda mlima. Wote wanaendelea kuibuka.

Wanaopanga ratiba za wageni, kwa hiyo, waugeuze mpango: Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti mwanzoni, bahari mwishoni, na siku ya mwisho kabisa iwe ya Mji Mkongwe, bila mtungi.

Dalili zikitokea, kwa kawaida ni ndani ya saa 24, na mwenyewe atakuwa wa kwanza kuzikana: jua kali, begi zito, amelalia mkono. Msimsikilize. Mlazeni, mpeni oksijeni safi, mpeni maji ikiwa ana fahamu na hatapiki, na msimrudishe baharini ati mapovu yayeyuke. Nawe mgeni, kabla hujalipia, mwulize mwenye kituo maswali mawili: oksijeni iko ndani ya boti au imebaki ofisini, na chumba cha tiba cha karibu kinachofanya kazi leo kiko wapi? Akibabaika, tafuta kituo kingine.