Warsha ya vikaragosi na hadithi bila malipo: fahamu vyanzo vya fedha vinavyofaa

Warsha ya vikaragosi na usimulizi wa hadithi inayotolewa bila malipo haimtozi mshiriki kiingilio, lakini ina gharama. Mkufunzi anahitaji posho na nauli, watoto wanahitaji uji na maji ya kunywa, na vifaa havina budi kununuliwa. Kwa kuwa shughuli hiyo haiingizi mapato, kikundi kinachoiandaa kinapaswa kufahamu mapema ni fedha zipi zinafaa kuigharamia na zipi zinaweza kukiacha na deni.

Sanaa yenye mizizi

Matumizi ya sanamu katika maonesho si jambo geni nchini. Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma baina ya Bagika na Bagalu, sanamu za kuchonga zimetumika kuwavuta watazamaji. Vilevile, hadithi zinazofunguliwa kwa "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!" zimekuwa darasa la maadili na lugha kwa vizazi vingi. Katika nchi jirani ya Kenya, vikaragosi vilitumika miaka ya 1990 kuelimisha jamii kuhusu UKIMWI, kwa kuwa kikaragosi huweza kutamka hadharani jambo ambalo mtu mzima huona haya kulisema.

Mikopo na mipaka yake

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili kuboresha utaratibu wa utoaji wake, na ikarejeshwa mwaka 2024. Kwa upande wa wasanii, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo yenye masharti nafuu.

Hata hivyo, mkopo hurejeshwa. Kikundi kinachokopa ili kuendesha warsha ya bure hakitakuwa na mauzo ya kulipia marejesho, na mzigo huo huwaangukia wanachama. Njia salama ni kutenganisha shughuli mbili: mkopo ugharamie kazi yenye kipato, kama vile kutengeneza na kuuza vikaragosi au kufanya maonesho ya kulipwa, na sehemu ya faida itengwe kwa ajili ya warsha.

Ruzuku na michango

Fedha zinazolingana na warsha ya bure ni ruzuku, ufadhili na michango. Mfuko wa Kimataifa wa Anuwai za Utamaduni, ulio chini ya Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2005, hupokea maombi kutoka nchi zinazoendelea zilizoridhia mkataba huo, Tanzania ikiwemo. Mfuko huo hulenga miradi mipana ya kuimarisha sekta ya utamaduni; hivyo, warsha ya siku chache katika kata moja inafaa zaidi kuombewa ufadhili kwa wadau wa karibu, kama vile wafanyabiashara, taasisi za dini, balozi na mashirika yanayohudumia watoto.

Si kila mchango lazima uwe fedha taslimu. Shule inaweza kutoa darasa wakati wa likizo, wazee wakatoa hadithi, na wazazi wakachangia unga na kuni. Magazeti ya zamani, gundi ya unga wa ngano, vitambaa chakavu, vifuu vya nazi na maboksi hutosha kutengeneza vikaragosi vya mkono. Michango hiyo iandikwe kwenye bajeti kwa thamani yake, kwani humwonesha mfadhili kwamba jamii imekwisha kuanza.

Mambo ya kuzingatia

Kikundi kinachoomba fedha kinashauriwa kuwa na:

- usajili halali; shughuli za sanaa husimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984;
- akaunti ya benki yenye jina la kikundi na watia saini zaidi ya mmoja;
- bajeti inayotaja idadi ya washiriki, siku, vifaa na posho ya kila mkufunzi;
- ridhaa ya maandishi ya wazazi, ikiwemo ya kupiga picha za watoto;
- stakabadhi za matumizi na taarifa ya mapato na matumizi itakayosomwa mbele ya wananchi.

Vikundi vinavyotafuta wakufunzi vinaweza kuanzia Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), ambayo chimbuko lake ni Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981.

Kabla ya kutangaza warsha, waandaaji wanashauriwa kufika kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yao ili kupata mwongozo wa vibali na kufahamu fursa za ufadhili zilizopo. Tangazo litolewe baada ya gharama za msingi kupatikana, ili mtoto aliyeahidiwa nafasi ya bure asije akafika na kutakiwa kulipa.