Jasho Lenye Dai: Kujitolea Kutunza Misitu na Njia katika Afrika Mashariki

Tarehe 13 Novemba 2023 Wakenya walipewa mapumziko rasmi ili wakapande miti; serikali yao ilikuwa imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Miaka minane nyuma, tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli wa Tanzania alizifuta sherehe za uhuru na kuigeuza sikukuu hiyo kuwa siku ya usafi, naye akaonekana akizoa taka jijini Dar es Salaam. Rwanda imekwenda mbali zaidi: umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uliwekewa sheria mwaka 2007, na mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 asiyetokea bila udhuru aweza kutozwa faini. Picha za siku kama hizi zinafanana popote: viongozi wenye majembe mapya, fulana zenye nembo, miche iliyopangwa mstari. Lisiloonekana pichani ni nani atarudi Februari, jua likiwa kali, kuumwagilia mche ule na kumfukuza mbuzi.

Hoja ya makala hii ni kwamba katika historia ya eneo letu, kazi isiyo na ujira ya kutunza msitu, chemchemi au njia haijawahi kuwa sadaka tupu. Ni dai. Anayefyeka njia, anayezibua mfereji, anayekesha porini akivizia wakata mbao, anatangaza kuwa ana fungu katika mali ile na sauti katika uamuzi unaoihusu. Jamii zilizoidumisha kazi hiyo zililitambua dai hilo zikaliwekea kanuni. Serikali na mashirika yanayolalamika kwamba wananchi hawana mwamko, mara nyingi yamepokea jasho yakalikataa dai lake.

Kilimanjaro ni mahali pazuri pa kuanzia. Mifongo, ile mifereji inayoyatoa maji kwenye mabonde ya juu na kuyapitisha miteremkoni hadi vihambani, yaani mashamba ya nyumbani, ilichimbwa kabla ya ukoloni, na kila mfongo una wenyewe na mzee anayepanga zamu. Zamu ya maji na zamu ya kazi haziachani. Mvua ikiubomoa mfongo, watu huitwa kuuzibua. Asiyefika bila sababu hulipa faini, zamani kwa pombe au mnyama, la sivyo zamu yake ya maji humpita. Mgeni akipita siku hiyo ataandika kwamba ameona wanakijiji wakijitolea. Wenyewe watakuambia wanalinda haki yao, na mtu asiyeonekana mfongoni miaka kadhaa hana uso wa kudai maji kiangazi kikikaza.

Elinor Ostrom, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu utawala wa mali za pamoja, kazi iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba mali hizo hudumu pale watumiaji wanapojitungia kanuni, adhabu zinapoanzia chini na kupanda kwa hatua, na serikali inapoiheshimu haki yao ya kujipangia. Mifano yake mikuu ilitoka Uswisi, Japani, Hispania na Ufilipino. Mifongo ingekaa humo bila kumlazimu abadilishe sura hata moja.

Mlima huohuo wa Kilimanjaro unatupa pia ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1941 ukanda wa nusu maili ulitengwa kati ya msitu wa hifadhi na vihamba, ukawekwa chini ya Baraza la Wachaga ili wananchi wapate kuni, mbao na majani ya mifugo, nao waupande na kuulinda. Serikali za mitaa zilipofutwa mwaka 1972, ukanda ulirudi mikononi mwa serikali kuu, na hali yake ikazorota. Watu walikuwa walewale na shida ya kuni ileile. Kilichoondoka ni chombo kilichokuwa kikiunganisha kazi yao na haki yao.

Mti nao hubeba dai. Katika mila nyingi za ukanda wetu, anayeazimwa shamba huruhusiwa mazao ya msimu lakini hukatazwa kupanda miti ya kudumu. Mwambao wa pwani unafahamika kwa kutenganisha umiliki wa ardhi na umiliki wa minazi iliyosimama juu yake. Sababu haihitaji wakili: aliyepanda mti amepanda na neno la kusema kesho. Katika mwanga huo ndipo tulielewe tukio la Januari 1999, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipokwenda na miche katika msitu wa Karura, Nairobi, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa kwa siri kwa wajenzi binafsi, wakapigwa na walinzi waliokodiwa. Wapo wanaolisimulia tukio hilo kama kisa cha wapenda miti na wachukia miti. Nadhani wale walinzi, au waliowatuma, walielewa vizuri kuliko wasimuliaji hao kilichokuwa kinafanyika: mche ulikuwa ukiwekwa ardhini kama pingamizi dhidi ya hatimiliki.

Njia ni suala gumu zaidi ya maji na miti. Maji yaweza kufungwa, njia haifungiki. Aliyekwepa kazi atapita sawa na aliyefanya, na hakuna zamu ya kumnyima. Isitoshe, njia ya mlimani huharibika kwa namna inayojiongeza yenyewe. Mvua huigeuza kuwa mkondo. Wapitaji hukwepa tope kwa kukanyaga kando. Ukingo hulegea, mizizi hubaki wazi, na anayekata kona kufupisha safari huwafungulia wenzake mfereji mpya. Dawa yake inajulikana: kuchepusha maji kwa vizuizi vya mawe au magogo vilivyolazwa kimshazari, kuondoa majani na udongo mitaroni kabla ya masika, kuziba njia za mkato kwa matawi. Si kazi ya utaalamu mkubwa. Ugumu wake ni kwamba haiishi. Kila msimu inarudi pale ilipokuwa, na hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuzindua mtaro uliozibuliwa.

Jamii zetu zilipata majibu mawili makubwa. La kwanza ni wajibu wa zamu, ambao Upare, Kilimanjaro na sehemu za Tanga huitwa msaragambo: siku inatangazwa, kila kaya inatoa mtu, na asiyetokea anajulikana kwa jina. Njia haifungiki, lakini msiba, harusi na mkopo wa jembe vinafungika, na humo ndimo adhabu ilimokaa. La pili ni la Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Katika misitu ya kaya, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, njia yenyewe ni sehemu ya sheria. Mtu haingii popote apendapo. Anapita njia iliyoruhusiwa, kwa adabu iliyowekwa, na hakati hata fito bila idhini ya wazee. Katika Kaya Kinondo, kusini ya Mombasa, hata mtalii hufungwa kaniki kabla ya kuingia. Kwa hiyo njia haichepuki hovyo, na msitu ulio kando yake haukanyagwi. Majibu haya yote yanasimama juu ya kukubaliwa: kwamba kijiji kina haki ya kuita watu, au wazee wana haki ya kukataza.

Ukoloni uliichukua namna hii ya kazi ukakiacha kiini chake njiani. Katika milima ya Uluguru, mpango wa hifadhi ya udongo ulioanza 1950 uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa, mpango ukaachwa. Usambara nako matuta ya lazima yalipingwa, na mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu wasomi wa kikulima wa Usambara, ameonyesha kuwa upinzani ule ulihusu haki ya ardhi sawa na ulivyohusu uzito wa jembe. Maafisa walidhani wakulima hawajali udongo. Lakini Waluguru waliishi kwa udongo huo. Walichokataa ni kutoa jasho katika mpango ambao hawakuwa na neno ndani yake. Vyama vya ukombozi vilijua kulisoma suala hili vizuri kuliko mabwana shamba.

Tanzania ilikuja kujifunza, tena kutoka kwa wanavijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuutangaza msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, kuwa msitu wa hifadhi wa serikali. Wanavijiji walipinga, na wakati mipaka ikibishaniwa watu walivuna haraka kabla hawajafungiwa. Mambo yaligeuka pale vijiji 8 vilipokubaliwa kuwa wasimamizi wa hekta zake 9,000 hivi. Vilitunga sheria ndogo, vikateua walinzi wao, vikaanza kuwatoza faini hata jamaa zao wenyewe. Uzoefu huo ulichangia Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002, ambayo inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi na kubaki na mapato yake. Katika vijiji vingi vya namna hii mlinzi wa msitu halipwi mshahara, lakini husamehewa kazi nyingine za kijiji na hupata sehemu ya faini. Mpango huu mdogo una busara kuliko semina nyingi za kuhamasisha: unakiri kwamba siku ya mlinzi ina thamani.

Kando ya utaratibu huo sheria iliweka mwingine, usimamizi wa pamoja, ambapo msitu unabaki wa serikali na kijiji kinashiriki kuulinda. Hapa pana kasoro isiyofichika. Katika misitu ya vyanzo vya maji uvunaji umezuiwa, kwa hiyo kijiji kinachotoa watu wa doria hakina cha kuvuna, na suala la kugawana mapato kati ya serikali na vijiji lilikaa miaka bila kufungwa. Wanaonufaika na maji ya Uluguru na Usambara wako Morogoro, Dar es Salaam na Tanga, mabombani. Kamati za namna hii zikidhoofika, sioni haja ya kutafuta sababu katika elimu ya mazingira. Linganisha na vijiji vya Kilwa, ambavyo mwaka 2009 vilipata, kupitia mradi wa uhifadhi wa mpingo, cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora kwa misitu yao ya asili, vikaanza kuuza magogo kwa bei ambayo hapo nyuma ilikuwa ikiishia kwa madalali. Doria ya Kilwa na doria ya msitu wa chanzo cha maji ni kazi ileile ya miguu na panga. Moja inajenga zahanati, nyingine inangoja posho ya mradi.

Rudi sasa Karura. Chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura kilianzishwa 2009 kwa mujibu wa sheria ya misitu ya Kenya ya 2005. Pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya kikajenga uzio wa umeme, kikaajiri walinzi kutoka vitongoji jirani, kikatengeneza njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli zinazozidi kilomita 50. Msitu uliokuwa ukiogopwa kwa maiti na majambazi ukawa mahali pa kukimbilia asubuhi. Mwaka 2025 mamlaka ya misitu ilipoagiza kiingilio kilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, chama kilikwenda mahakamani. Kisheria ni kweli kwamba msitu ni wa umma na fedha za umma zinahitaji ukaguzi. Lakini anayeuona mgogoro huo kama ugomvi wa makusanyo tu hajauona wote. Watu waliotoa miaka yao walikuwa wakiuliza kama miaka hiyo iliwanunulia chochote.

Hapa ndipo hoja yangu inapokutana na pingamizi lake zito. Kama kazi ni dai, basi dai la mmoja laweza kumfungia nje mwingine. Uzio na kiingilio vilivyomletea mkimbiaji wa asubuhi usalama vilibadilisha pia maisha ya mama aliyekuwa akiokota kuni humo, na mwenye muda wa kujitolea wikendi kwa kawaida si yeye. Vijijini upendeleo huo una sura nyingine. Anayekwenda doria ni mwanamume, jina lake limo katika kumbukumbu za kamati; anayefagia chemchemi, anayefyeka kinjia cha kuendea maji na kuziba makorongo yake kwa mawe ni mwanamke, na kazi yake huhesabiwa kuwa ya nyumbani. Kamati ikikaa kugawa, waliohesabiwa ndio wanaogawana.

Pingamizi hili haliiui hoja; linaitaka iwe kali zaidi kuhusu nani anahesabiwa. Halmashauri au chama cha msitu kinachotaka kazi ya wananchi kianze na daftari linaloandika doria na chemchemi kwa kalamu moja: nani alifika, nani alisamehewa na kwa nini. Kisha mkataba na mamlaka ya misitu uwe na kifungu kinachosema waziwazi daftari hilo linampa mtu nini, iwe ni kura katika kamati, kuni kwa siku maalumu, fungu la kiingilio au la faini. Bila kifungu hicho daftari litabaki la mahudhurio tu, na mikataba mingi inayosainiwa leo haina kifungu hicho.