Kwa nini kiyoyozi hupoza chini na kuacha ghorofa ya juu na joto, na nini kifanyike

Mwezi Julai mwaka 1995, wimbi la joto liliukumba mji wa Chicago nchini Marekani na kusababisha vifo vya watu zaidi ya 700 katika muda wa siku chache. Watafiti waliochunguza vifo hivyo walibaini kwamba kilichowakinga watu kuliko kitu kingine chochote ni kuwa na kiyoyozi kinachofanya kazi nyumbani. Walibaini pia kwamba kuishi katika ghorofa ya juu kabisa ya jengo kuliongeza hatari ya kupoteza maisha.

Matokeo hayo yana maana kwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili ambazo zimehamia Marekani, zikiwamo zile za wakimbizi kutoka Kongo waliopewa makazi katika majimbo yenye joto kali kama Texas na Arizona. Nyumba ya huko mara nyingi huwa na ghorofa mbili na kiyoyozi kimoja. Chini, wazazi hujifunika shuka kwa baridi. Juu, watoto hugeukageuka usiku kucha kwa joto. Mara nyingi lawama huangukia mashine, na fundi wa kwanza kuitwa hushauri inunuliwe kubwa zaidi. Ushauri huo ni ghali, na mara nyingi si sahihi. Hewa inapofika ghorofani kwa unyonge, kasoro aghalabu imo katika njia ya hewa.

Safari ya hewa ndani ya nyumba

Kiyoyozi cha aina hii ni tofauti na kile cha ukutani kilichozoeleka katika nyumba nyingi za Mombasa au Bujumbura, ambacho hupoza chumba kimoja tu. Hiki huhudumia nyumba nzima. Feni kubwa huvuta hewa ya vyumbani kupitia tundu pana la kurudishia hewa, huipitisha kwenye chujio, kisha kwenye koili baridi, na kuisukuma ndani ya mabomba yaliyofichwa ukutani au katika nafasi iliyo kati ya dari na paa. Mabomba hayo hugawanyika kama matawi ya mti na kuishia kwenye matundu madogo ya kila chumba.

Ghorofa ya juu ina bahati mbaya mara tatu. Hewa ya joto hupanda. Paa hupigwa na jua mchana kutwa, na nafasi iliyo chini yake huweza kupita nyuzi joto 50 za Selsiasi wakati wa kiangazi. Tena, pale mashine inapokuwa chini, vyumba vya juu ndivyo vilivyo mwisho wa mabomba, kwa hiyo hupata kile kilichosalia baada ya vyumba vya chini kujitwalia chao. Juu ya hayo yote, kidhibiti joto, kile kifaa cha ukutani kinachoiamuru mashine iwake au izime, kwa kawaida hufungwa chini. Sebule ikishapoa, mashine huzima, bila kujua lolote kuhusu hali ya vyumba vya kulala.

Kujua kasoro iliko

Kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba anaweza kujifunza mengi kwa karatasi nyepesi ya shashi na kipimajoto cha kawaida. Mashine iwe imewaka kwa robo saa hivi. Karatasi iwekwe mbele ya tundu la kurudishia hewa: inapaswa kuvutwa na kunata hapo. Kisha iwekwe mbele ya tundu la chumba cha chini, na baadaye la chumba cha juu, ili kulinganisha nguvu ya upepo. Mwisho, kipimwe kiwango cha joto cha hewa inayoingia kwenye tundu la kurudishia na cha hewa inayotoka vyumbani. Katika mfumo ulio na afya, tofauti huwa kati ya nyuzi 9 na 12 za Selsiasi.

Majibu ya vipimo hivyo hutofautisha maradhi. Hewa ikitoka kwa nguvu lakini si ya baridi, hapo mashine yenyewe au gesi yake ina hitilafu, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Ikiwa ni ya baridi lakini dhaifu, kuna kizuizi au mvujo njiani. Ikiwa chini inatoka baridi, na juu inatoka dhaifu na vuguvugu, mabomba yanayopita chini ya paa yanavuja au hayakufunikwa vyema, nayo hewa hupata joto kabla ya kufika. Hali hii ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, pengine kwa sababu hakuna anayependa kupanda huko juu mwezi Julai.

Kizuizi cha kwanza cha kuangaliwa ni chujio. Likijaa vumbi, feni hukosa hewa ya kusukuma, na chumba cha mbali ndicho kinachoumia kwanza. Likaguliwe kila mwezi katika msimu wa joto. Machujio mazito yanayosifiwa kwa kunasa hata vumbi laini kabisa huweza pia kuibana feni ambayo haikuundwa kwa ajili yake; anayeyahitaji kwa sababu ya pumu amuulize fundi kwanza. Koili ikionekana imeganda barafu, upozaji uzimwe na feni iachwe ikizunguka peke yake kwa saa kadhaa hadi barafu iyeyuke, kisha itafutwe sababu: hewa kuwa chache, au gesi kupungua.

Wengi hujaribu kuziba matundu ya chini ili hewa yote ipande. Inaonekana ni akili, lakini mashine haipunguzi kazi yake kwa kuwa matundu yamefungwa. Shinikizo huongezeka ndani ya mabomba, hewa hutoroka zaidi kwenye viungo, na koili huweza kuganda. Kinachokubalika ni kupunguza kidogo vilango vya ndani ya mabomba, ambavyo hujulikana kwa mpini mdogo unaotokeza nje ya bomba karibu na mashine. Vilango vya matawi ya chini visogezwe kidogo, kisha mtu asubiri siku nzima aone matokeo kabla ya kusogeza tena.

Milango nayo ina siri yake. Chumba cha kulala kinachoingiziwa hewa lakini kisicho na tundu la kuirudisha hujaa shinikizo mlango unapofungwa, na hewa mpya hukataa kuingia. Kuacha upenyo mpana zaidi chini ya mlango, au kuweka tundu lenye wavu juu yake, hugharimu kidogo na mara nyingine humaliza tatizo lote.

Mabomba ya chini ya paa

Kwa mujibu wa makadirio ya mpango wa Energy Star wa serikali ya Marekani, katika nyumba ya kawaida kati ya asilimia 20 na 30 ya hewa inayopita mabombani hupotea kwa sababu ya mivujo, matundu na viungo vilivyolegea. Kwa maneno mengine, familia hulipia umeme wa kupoza hewa ambayo karibu theluthi yake huenda ikaishia darini kwa panya.

Viungo huzibwa kwa gundi nzito iitwayo mastiki au kwa utepe wa foili uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Utepe wa kitambaa wa rangi ya kijivu, ambao wengi hudhani ulibuniwa kwa ajili ya mabomba ya hewa, haufai. Watafiti wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley, huko California, waliujaribu katika miaka ya 1990 pamoja na vizibo vingine, nao ndio ulioshindwa vibaya zaidi kuhimili joto na baridi vinavyopokezana.

Mabomba laini yanayopindika yanastahili kutazamwa kwa makini. Fundi mwenye haraka huyaacha yakining'inia, yakiwa yamekunjamana au yamebanwa na masanduku ya vitu vilivyohifadhiwa huko. Bomba lililokunjamana hupitisha hewa kidogo kuliko lililonyooshwa, hata kama upana wao ni sawa. Kulinyoosha, kukata urefu uliozidi na kulitegemeza vizuri ni kazi ya saa chache. Mabomba hayo yafunikwe kwa sufi ya kuzuia joto, na dari yenyewe iongezwe sufi hiyo, kwani chumba kisichopokea joto jingi kutoka juu hakihitaji hewa nyingi kukipoza. Kazi hii ifanywe alfajiri, na mtu asiende huko peke yake.

Iwapo yote hayo yamefanyika na vyumba bado vina joto, ndipo pa kufikiria kidhibiti chenye kihisio kinachowekwa ghorofani, au kiyoyozi kidogo cha ukutani kwa chumba kilichoshindikana. Kuiacha feni kuu ikizunguka muda wote huchanganya hewa ya juu na ya chini, na hufaa katika ukavu wa Arizona. Katika unyevu wa Houston huweza kurudisha chumbani maji yaliyokwisha kukamatwa na koili. Mashine kubwa zaidi iwe ya mwisho. Kila tani moja ya nguvu ya kupoza huhitaji takriban futi za ujazo 400 za hewa kwa dakika, na mabomba yaliyoshindwa kupitisha hewa ya tani tatu hayataweza ya tani nne. Mashine iliyopita kiasi pia huwaka na kuzima upesi, ikiuacha unyevu chumbani.

Kwa anayepanga

Mpangaji hana ruhusa ya kukata mabomba, lakini ana haki zinazotofautiana kutoka mji hadi mji. Huko Phoenix, kwa mfano, sheria ya mji inataka nyumba ya kupangisha yenye kiyoyozi iweze kupozwa hadi nyuzi 82 za Farenhaiti au chini yake, yaani karibu nyuzi 28 za Selsiasi. Kipimajoto kiwekwe katika chumba cha juu, na vipimo viandikwe kila siku kwa saa ileile, pamoja na tarehe. Mwenye nyumba aarifiwe kwa maandishi, na nakala ihifadhiwe. Hadi matengenezo yatakapofanyika, watoto wachanga, wazee na wagonjwa walazwe ghorofa ya chini.