Kuhama na Vyote

Mwaka 1913 Wajerumani walihamisha makao makuu ya Mafia kutoka kisiwa cha Chole kwenda Kilindoni. Ghuba ya Chole ina maji machache, na meli za moshi zilitaka kina. Jina lenyewe linasema: kilindi ni maji marefu. Ofisi zilihama, majengo yakabaki. Leo mizizi ya miti imezikumbatia kuta zao hata hujui kipi kinamshikilia mwenzake.

Ghuba hii ilikwisha kuona kuhama kubaya zaidi. Kisiwani Juani, jirani na Chole, yapo magofu ya Kua, mji uliokuwa mkubwa kabla ya Chole. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walivuka kutoka Madagaska wakauvamia. Kuta za nyumba na misikiti bado zipo. Nani alilala chumba kipi, hakuna wa kukwambia.

Nilikuwa Utende, ng'ambo ya Chole, diski kuu ya kompyuta yangu mpakato ilipojaa. Ilikuwa ya gigabaiti 500, na humo mlikuwa na saa 40 za bibi yangu akisimulia. Sauti zenyewe nilikuwa nimezihifadhi pia kwingine. Tatizo lilikuwa maelezo niliyoyaambatisha, nani anatajwa, nyumba ipi, msimu upi, kwa programu ambayo watengenezaji wake wamekwisha funga duka. Nikisimika kila kitu upya, programu hiyo nisingeipata tena. Ningebaki na Kua yangu mwenyewe.

Kunakili mafaili ni kubeba vyombo tu. Nilihitaji kuhamisha nyumba: mfumo endeshi, programu, mipangilio, hata ile sehemu ndogo ya mwanzo ambayo bila hiyo kompyuta haiwaki. Clonezilla hufanya hivyo, tena bure. Niliiweka kwenye flashi, nikaunganisha SSD ya terabaiti moja kwa waya wa USB, kisha nikawasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, ili diski ya zamani itulie wakati inanakiliwa. Cha kuogopa hapo ni kugeuza chanzo na kikomo, maana diski tupu itaifuta iliyojaa. Nilisoma majina na ukubwa wa diski zote mbili mara tatu ndipo nikakubali.

Kazi ilichukua saa nne. Bahari ilikupwa, mashua zikalala ubavu. (Diski ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1956, ilibeba herufi milioni 5 tu na mashine yake ilikuwa na uzito wa karibu tani moja. Bibi asingemaliza hata salamu.)

Nilifungua skrubu, nikatoa ya zamani, nikaweka mpya. Kompyuta ikawaka na kila kitu mahali pake. Diski mpya ilijidhani bado ni ya gigabaiti 500, nikaipanua sehemu yake hadi ikaijaza nafasi yote. Kupanua ni rahisi. Kwenda kwenye diski ndogo kuliko ya zamani ndiko kwenye tabu, na Clonezilla kwa kawaida hukataa.

Faili la kwanza kufungua lilikuwa la bibi akieleza jinsi wazee wake walivyohama Chole kwenda Kilindoni. Nyumba waliiacha, mlango wakaupakia mashuani. Pembeni, maelezo yangu yalikuwepo: mlango uko kwa mjomba, umekatwa chini ili uenee.