Vipodozi vya kutengenezwa nyumbani mkoani Simiyu

Vipodozi vya kutengenezwa nyumbani ni mafuta ya kujipaka, krimu, losheni na sabuni ambazo mtu au kikundi kidogo huziandaa kwa mikono, bila kiwanda, kwa matumizi ya familia au kwa kuuza. Katika mkoa wa Simiyu, kaskazini mwa Tanzania, kazi hii inategemea malighafi zinazopatikana karibu: mafuta ya mbegu za pamba, mafuta ya alizeti, samli, mafuta ya wanyama na nta ya nyuki. Vingine, kama gliserini, manukato na vihifadhi, hununuliwa katika maduka ya kemikali mijini.

Vipodozi hivi hutofautiana sana kwa usalama. Kile chenye mafuta matupu ni rahisi kutengeneza na hudumu kwa miezi. Chenye maji ndani yake huhitaji vipimo na kihifadhi, la sivyo huota vijidudu. Tena kuna mkorogo wa kuchubua ngozi, ambao huleta madhara makubwa hata ukitengenezwa kwa uangalifu.

Mazingira

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka mkoa wa Shinyanga. Makao makuu yake yako Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wakazi wengi ni Wasukuma, ambao ni wakulima na wafugaji. Simiyu ni mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na una ng'ombe, mbuzi na kondoo wengi.

Kiangazi cha Juni hadi Septemba huwa kikavu chenye upepo na vumbi. Ngozi hupoteza maji, hupauka na kupasuka, hasa visigino na midomo. Ndiyo maana mafuta ya kujipaka huhesabiwa kuwa hitaji la kila siku, kwa mtoto na kwa mzee, wala si urembo tu.

Historia

Katika jamii za wafugaji za Kanda ya Ziwa, siagi na samli vilitumika jikoni na pia kupakwa mwilini. Maziwa yalisukwa katika kibuyu hadi siagi ikajitenga, kisha siagi ikachemshwa kuondoa maji na kupata samli. Hatua hiyo ya kuondoa maji ndiyo iliyofanya samli idumu kuliko siagi, na kanuni hiyohiyo inatawala vipodozi vya leo.

Nje ya Afrika Mashariki, krimu ya zamani inayojulikana zaidi inahusishwa na Galeno, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, aliyechanganya nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Mchanganyiko wake ulipoza ngozi kwa sababu maji yalikuwa yakijitenga na kukauka. Kwa lugha ya leo, ilikuwa krimu isiyoshikamana vizuri.

Wakati wa ukoloni na baada yake, mafuta ya mgando yatokanayo na petroli na sabuni za viwandani vilienea hadi vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa za viwandani, sabuni ikiwemo, ziliadimika madukani kote Tanzania, na familia nyingi zikarudia njia za nyumbani. Tangu miaka ya 1990 utengenezaji wa sabuni na losheni umekuwa mojawapo ya mafunzo ya kawaida ya wajasiriamali wadogo.

Malighafi

- Mafuta ya mbegu za pamba. Karibu nusu yake ni asidi ya linoleiki, inayosaidia kulainisha ngozi. Mafuta ghafi yana rangi nyeusi-kahawia na yana gosipoli, sumu ya asili ya mpamba, kwa hiyo hutumika yaliyosafishwa tu. Mbegu za kupandia zilizotiwa dawa ya wadudu hazifai kukamuliwa kwa matumizi yoyote ya mwili.
- Mafuta ya alizeti. Ni mepesi, hupatikana kirahisi, lakini huchacha mapema yakiachwa kwenye jua.
- Samli na mafuta ya kondoo. Hulainisha sana, ila harufu yake huzidi kadiri siku zinavyopita.
- Nta ya nyuki. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za selsiasi, hivyo huyafanya mafuta yagande na yasimwagike kwenye joto.
- Gliserini. Huvuta unyevu na kuushika kwenye ngozi. Haipakwi bila kuchanganywa na maji, hasa wakati wa ukavu, kwani inaweza kuvuta maji ya ngozi yenyewe.
- Kostiki soda. Hutumika kwenye sabuni pekee. Huunguza ngozi na macho; hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe maji hayamwagwi juu yake.

Mafuta ya mgando

Hiki ndicho kipodozi kinachomfaa anayeanza. Sehemu 4 za mafuta ya alizeti au ya pamba yaliyosafishwa huchanganywa na sehemu 1 ya nta kwa uzito, mfano gramu 80 kwa gramu 20. Chombo chenye nta na mafuta huwekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, kwa sababu mafuta yakipita kiasi huungua au kushika moto. Nta ikiyeyuka yote, mchanganyiko huepuliwa na kumiminwa katika makopo safi yaliyokaushwa kabisa.

Kwa kuwa hakuna maji, bakteria na ukungu hawapati pa kukua. Kinachoharibu mafuta haya ni hewa na mwanga, ambavyo huyafanya yachache. Vitamini E huchelewesha kuchacha. Haiui vijidudu, na kuitumia kama kihifadhi cha losheni ni kosa la kawaida. Kidole chenye maji kikichovya kopo mara kwa mara, faida ya ukavu hupotea.

Krimu na losheni

Maji na mafuta hayachangamani. Yakikorogwa, mafuta hugawanyika kuwa matone madogo, kisha hurudi kuungana na kuelea. Ili yashikamane huhitajika kiunganishi, yaani kitu ambacho upande mmoja wa chembe yake hupenda maji na upande mwingine hupenda mafuta. Wengi hudhani nta ya nyuki inatosha, lakini peke yake haiwezi kushika maji mengi. Kinachohitajika ni nta maalumu ya kuunganishia, ambayo ni bidhaa tofauti ingawa zote mbili huitwa nta.

Mfano wa losheni nzito ya gramu 1,000:

- maji yaliyochemshwa: gramu 765
- mafuta: gramu 110
- nta ya kuunganishia: gramu 65
- gliserini: gramu 50
- kihifadhi: gramu 10

Vipimo huchukuliwa kwa mizani. Kijiko hakitoshi, kwa kuwa kijiko cha mafuta na kijiko cha nta havina uzito sawa. Maji na gliserini hupashwa moto katika chombo kimoja, mafuta na nta katika kingine, vyote hadi nyuzi 70 au 75. Vikilingana joto huunganishwa na kukorogwa bila kuacha hadi vipoe. Maji baridi yakimwagwa kwenye mafuta ya moto, nta huganda ghafla na losheni hujaa chembechembe. Kihifadhi na manukato hutiwa mwishoni, joto likishuka chini ya nyuzi 45 hivi, ili visiharibike au kupotea hewani.

Kihifadhi hutumika kwa kiasi kilichoelekezwa na mtengenezaji wake; fenoksiethanoli, kwa mfano, haipaswi kuzidi asilimia 1. Kikipungua hakilindi, kikizidi huwasha ngozi. Losheni isiyo na kihifadhi hukaa siku chache tu kwenye jokofu, na katika joto la kawaida inaweza kuharibika kabla haijatoa harufu. Kutia shubiri mbichi, parachichi, asali au maziwa huongeza chakula cha vijidudu. Vitu hivyo vinafaa zaidi kupondwa, kupakwa na kuoshwa siku hiyohiyo. Losheni iliyoota bakteria inaweza kuambukiza macho, vidonda na ngozi ya mtoto mchanga.

Maji ya limau, ambayo watu wengine huyapaka kung'arisha uso, ni makali kwa ngozi. Ngozi iliyopakwa limau ikipigwa na jua huweza kubabuka na kuacha mabaka meusi.

Mkorogo

Neno mkorogo, kutoka kitenzi kukoroga, ni jina la mtaani la mchanganyiko wa krimu unaopakwa ili kuchubua ngozi. Mara nyingi hutengenezwa nyumbani au saluni kwa kuchanganya krimu kadhaa zilizonunuliwa, na mpakaji huwa hajui kilichomo. Viambato vinavyojulikana kwa madhara ni zebaki, hidrokwinoni na steroidi kali. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Hidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuleta weusi wa kudumu mahali palepale palipokusudiwa kung'arishwa. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikapata michirizi, chunusi na vidonda visivyopona haraka.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo. Mwaka 2020 iliridhia pia Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliopitishwa mwaka 2013.

Jua na watu wenye ualbino

Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye ualbino, ambao ngozi yao ina melanini kidogo sana. Kwao saratani ya ngozi ni hatari ya kweli tangu ujana, hasa kwa wanaolima na kuchunga chini ya jua kutwa nzima.

Hakuna mafuta ya nyumbani yanayoweza kuchukua nafasi ya krimu ya kukinga jua. Mafuta ya pamba, alizeti, nazi au samli hayazuii miale kwa kiwango cha kutosha. Hata unga wa zinki ukichanganywa kwa mkono hujikusanya mabonge, ukaacha sehemu za ngozi wazi bila mtu kuona. Kiwango cha kinga hakijulikani kwa macho wala kwa unene wa krimu, hupimwa maabara.

Krimu ya Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, hutengenezwa Moshi katika hospitali ya KCMC na kugawiwa bure kupitia kliniki. Pamoja na krimu hiyo, kofia pana, nguo za mikono mirefu na uchunguzi wa ngozi wa mara kwa mara ndiyo kinga inayoshauriwa.

Sheria na biashara

Vipodozi nchini vilisimamiwa chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Anayetengeneza kwa matumizi ya nyumbani kwake haulizwi kibali, lakini anayeuza, hata mnadani au dukani kwa jirani, anawajibika kwa usalama wa bidhaa. Kibandiko kinapaswa kuonyesha jina la bidhaa na la mtengenezaji, viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi.

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo kwa wajasiriamali wadogo na huwaunganisha na TBS. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza pia kuomba mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Bidhaa mpya hujaribiwa kwanza kwa kupaka kidogo ndani ya mkono, upande wa kiwiko, na kusubiri saa 24. Ikitokea mwasho, uvimbe au wekundu, haitumiki. Kipodozi kilichobadilika rangi au harufu, au kilichojitenga maji na mafuta, hutupwa. Kukichemsha upya hakukirudishi katika usalama wake.

Tazama pia

- Mkoa wa Simiyu
- Pamba
- Sabuni
- Ualbino
- Zebaki